Livingstone na Mitumbwi ya Nyangwe
David Livingstone, mzaliwa wa Scotland mwaka 1813, alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwezi wa Machi 1871. Alitafuta mitumbwi apate kuufuata mto hata mwisho wake. Wagenya, mabingwa wa kafi, walimnyima: mgeni aliyefuatana na wafanya biashara ya watumwa, kwao alikuwa mmoja wao. Tarehe 15 Julai wafanya biashara hao waliwapiga watu risasi sokoni. Wengi, hasa wanawake, wakakimbilia mitumbwi. Mingine ikazama kwa kujaa watu. Livingstone akarudi Ujiji pasipo kuvuka. Lakini maandishi yake yalisaidia kufunga soko la watumwa la Unguja mwezi wa Juni 1873, akiwa amekwisha kufa tangu Mei. Basi Mkristo na aangalie anasafiri na nani.