Maisha ya Siti binti Saad

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya ufukara, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu mjini, akivinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfunza uimbaji. Kisha Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban Umbaye wakawa wenziwe.

Wimbo wao haukuwa mali ya mmoja. Huyu alileta habari ya mtaani, yule akaitia vina, mwingine akaitafutia sauti ya udi au fidla, na Siti akauimba mpaka ukakaa sawa. Taarabu iliyozoea Kiarabu ikanena Kiswahili, na wanyonge wakajisikia ndani yake.

Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay, wakazitia nyimbo katika sahani za santuri. Upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Basi wimbo wa usiku kucha ukafupishwa.

Alifariki Julai 1950, Mola amrehemu. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa alizikwa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Vijana wa Hamukungu wavutao nyavu kwa pamoja ziwani watafahamu: mkono mmoja haukumfikisha huko.