Henry Cole, Karani Aliyewasha Taa za Makumbusho

Muulize mwanafunzi yeyote hapa chuoni mara ya mwisho aliingia lini kwenye jumba la makumbusho. Wengi watakutajia ile safari ya shule ya msingi, wamevaa sare, wanahesabiwa mlangoni mwa basi. Tangu hapo, kimya. Na wanaosimamia makumbusho wakiona watu hawaji, wazo la kwanza kikaoni huwa ni bango jipya na picha za Instagram. Sikatai, bango lina kazi yake. Ila kuna jamaa mmoja Mwingereza, karani wa serikali tu, aliyeanza na maswali mengine kabisa: mlango unafunguliwa saa ngapi, kiingilio ni kiasi gani, na mtu akishikwa na njaa humo ndani atakula wapi?

Jina lake Henry Cole. Alizaliwa Bath, Uingereza, tarehe 15 Julai 1808. Chuo kikuu hakupita. Akiwa na miaka 15 tu alianza kazi ya ukarani kwenye tume iliyosimamia kumbukumbu za serikali, kazi ya kunakili nyaraka za kale zilizokuwa zimetelekezwa kwenye vyumba vyenye unyevu. Wengine wangenyamaza wale mshahara. Yeye alianza kuwasema wakubwa wake kwamba wanatafuna fedha ya umma huku nyaraka zinaoza. Mwaka 1835 akafukuzwa kazi. Hapo ndipo alipojifunza somo lililomfaa maisha yote: aliandika vijitabu, akalisha magazeti habari, akawapata wabunge wa kumsikiliza. Bunge likaunda kamati mwaka 1836, Cole akarudishwa kazini, na mwaka 1838 ikapitishwa sheria ya kuanzisha ofisi rasmi ya kumbukumbu za taifa. Ukweli uliofungiwa stoo haumsaidii mtu mpaka apatikane wa kuutoa nje.

Baada ya hapo hakutulia. Alishiriki kampeni ya posta ya bei moja ya peni iliyoanza 1840. Kwa jina la bandia la Felix Summerly akaandika vitabu vya kuwaongoza watembeleaji wa majengo ya kihistoria na majumba ya picha, vya bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Mwaka 1843, barua za salamu za sikukuu zilipomzidi, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, akachapisha nyingi na zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani. Wapinga pombe walikuja juu, maana pichani kuna mtoto anapewa divai. Lakini kadi ilishaanza safari yake.

Kisha likaja jambo kubwa. Cole, pamoja na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, walikuwa mstari wa mbele kuandaa Maonyesho Makubwa ya 1851 pale Hyde Park, London, ndani ya jumba la vioo. Siku za mwanzo kiingilio kilikuwa cha wenye nazo. Baadaye mwezi Mei zikaanza siku za shilingi moja. Wakubwa wengine waliogopa: makabwela wakija kwa wingi si watavunja vitu, si watafanya fujo? Wakaja kwa treni za bei nafuu kutoka kila upande, wakatazama, wakarudi makwao kwa amani. Jumla waliingia zaidi ya watu milioni sita, na zaidi ya milioni nne kati yao kwa ile shilingi. Faida ilikuwa kama pauni 186,000, na sehemu yake ikanunua ardhi ya South Kensington.

Hapo Cole akapata uwanja wake. Mwaka 1852 alikabidhiwa idara ya serikali ya kufundisha ubunifu wa viwandani, na makumbusho yake ya kwanza yakafunguliwa Marlborough House. Na hapo pia akateleza. Alitenga chumba cha kuonyesha vitambaa na vyombo alivyoviona vibaya, ili watu wajifunze kisichofaa. Wageni wakacheka, maana vitu vile vile walikuwa navyo sebuleni kwao. Wenye viwanda wakakasirika kuaibishwa hadharani, jarida la Charles Dickens nalo likamfanyia mzaha. Chumba kikafungwa. Kumbe kumwita mtu ndani ili umdharau siyo mawasiliano.

Somo liliingia. Juni 1857 Jumba la Makumbusho la South Kensington likafunguliwa, na mpangilio wake ulikuwa mpya. Siku tatu za wiki kuingia ilikuwa bure. Siku nyingine tatu, zilizotengwa kwa wanafunzi waliotaka kuchora na kusoma kwa utulivu, kiingilio kilikuwa peni sita. Cha ajabu zaidi ni taa. Wakati huo makumbusho na majumba ya picha yalifungwa jua likizama, maana waliogopa moto. Lakini fundi wa kiwandani anatoka kazini saa ngapi? Jua limeshazama! Cole akaweka taa za gesi, mlango ukabaki wazi jioni mpaka saa nne usiku. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyakazi na familia yake wapate pa kwenda jioni zaidi ya kilabu cha pombe. Waliohofia kwamba gesi ingeharibu picha walijibiwa na uchunguzi wa wataalamu, akiwemo mwanasayansi Michael Faraday: moshi ukitolewa nje vizuri, picha ziko salama.

Akaongeza mgahawa, jambo ambalo makumbusho hayakuwa nalo, wenye menyu ya bei ya juu na ya bei ya chini. Akataka kila kitu kiwe na maelezo yanayosomeka, siyo namba tu inayokulazimisha ununue kitabu kwanza. Picha za vitu zikapigwa na kuuzwa kwa umma. Na kwa wasioweza kufika London, sehemu ya mkusanyiko ilipakiwa kwenye behewa ikazungushwa miji ya mikoani.

Tusimpambe kupita kiasi, hasa sisi wa huku. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilivamia Maqdala, Ethiopia, Mfalme Tewodros akajiua, na hazina yake ikabebwa. Taji la dhahabu na kikombe cha kanisa vikaishia South Kensington enzi za Cole, na mpaka leo viko London. Fundi wa London alifunguliwa mlango hadi usiku akavione. Waliovitengeneza na kuvisalia hawakuulizwa. Alijua sana kumkaribisha mgeni, ila hilo la mwenye mali halikumsumbua.

Alistaafu 1873, akapewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1875, akafariki London tarehe 18 Aprili 1882. Mwaka 1899 jumba lake likapewa jina la Victoria na Albert. Yeye alibakiziwa jina la jengo moja pembeni.

Nimemwandika kwa sababu kati yetu wapo watakaosimamia makumbusho, nyumba za sanaa na vituo vya utamaduni. Tutapewa bajeti ndogo na kuambiwa tulete watu. Tutaweza kuimaliza yote kwenye mabango, au kwanza tusimame mlangoni saa kumi na mbili jioni tuone ni nani anapita akitoka kazini na kukuta kufuli. Halafu, kwa kuwa sisi siyo Cole, tuingie stoo tuulize kila kitu kilitoka kwa nani, na kama mwenyewe ameshawahi kukaribishwa.