Gunnar Myrdal: msomi aliyepeleka utafiti bungeni na mahakamani

Tarehe 17 Mei mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Brown, ikaamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Katika tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo majaji walitaja tafiti kadhaa za sayansi ya jamii. Ya mwisho ilikuwa kazi ya mwanauchumi kutoka Stockholm, mji mkuu wa Sweden.

Mwanauchumi huyo, Gunnar Myrdal, hakuwa Mmarekani, na hadi mwaka 1938 hakuwa mtaalamu wa maisha ya watu weusi. Hata hivyo ni wasomi wachache wa karne ya 20 ambao maandishi yao yalipita mlango wa chuo kikuu na kuingia katika sheria za nchi mbili. Si kila kilichopita mlango huo kilikuwa cha heri.

Myrdal alizaliwa tarehe 6 Desemba mwaka 1898 katika mkoa wa Dalarna, katikati mwa Sweden, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa ujenzi wa reli. Alikwenda Stockholm kusoma sheria, akahitimu mwaka 1923, lakini kazi ya uwakili haikumvutia. Mwaka uliofuata alimwoa Alva Reimer, na ni mkewe huyo aliyemshawishi ageukie uchumi. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1927 na mwaka 1933 akakabidhiwa kiti cha uprofesa ambacho mwalimu wake, Gustav Cassel, alikuwa amekikalia.

Wakati huo alikwisha kuwaudhi wakubwa wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1930 alidai kwamba wanauchumi waliojifanya watu wa hesabu tupu walikuwa wakificha siasa zao ndani ya hesabu hizo. Kwa maoni yake, mtafiti wa mambo ya jamii hawezi kukosa upande. Linalowezekana ni kuutangaza upande wake mapema, ili msomaji apime mwenyewe.

Utafiti ndani ya serikali

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Sweden, chama cha Social Democrats kilishinda uchaguzi wa mwaka 1932. Waziri wa fedha, Ernst Wigforss, alimtaka Myrdal aandike kiambatisho cha bajeti ya mwaka 1933. Humo profesa huyo kijana alieleza kwamba si lazima serikali isawazishe mapato na matumizi kila mwaka. Wakati wa dhiki inaweza kukopa, ikawapa kazi za umma wasio na ajira, kisha ikalipa deni hali itakapotengemaa. Hoja hiyo ilichapishwa miaka mitatu kabla ya kitabu mashuhuri cha Mwingereza John Maynard Keynes.

Inafaa kueleza namna mambo yalivyoendeshwa mjini Stockholm, kwani hapo ndipo ilipo siri ya nguvu aliyoipata. Kabla ya kutunga sheria kubwa, serikali ya Sweden huteua tume ya uchunguzi ambamo wabunge, maofisa na wasomi huketi meza moja. Ripoti ya tume huchapishwa, kisha hupelekwa kwa vyama vya wafanyakazi, waajiri, manispaa na vyuo ili watoe maoni yao kwa maandishi. Kwa hiyo mtafiti hakulazimika kungoja waziri asome kitabu chake. Aliandika sura za ripoti yenyewe.

Mwaka 1934 Gunnar na Alva walitoa kitabu juu ya tatizo la idadi ya watu. Kiwango cha uzazi nchini Sweden kilikuwa miongoni mwa vya chini kabisa Ulaya, na wahafidhina waliwalaumu wanawake na njia za kupanga uzazi. Wanandoa hao waliipokea hofu ya wahafidhina, wakaigeuza kuwa hoja ya mageuzi. Walisema watu hawazai kwa sababu kumlea mtoto ni gharama, na familia nyingi za wafanyakazi mijini zinabanana katika chumba kimoja na jiko. Anayetaka watoto wazaliwe na ajenge nyumba, atoe matibabu bure kwa wajawazito, na aache kumfukuza kazi mwanamke kwa kuwa ameolewa.

Kitabu hicho kilizusha mjadala nchi nzima. Jina lao liligeuka mzaha mitaani, likatumiwa kwa mambo ya kitandani ambayo hakuna haja ya kuyafafanua hapa. Serikali iliunda Tume ya Idadi ya Watu mwaka 1935, Gunnar akiwa mjumbe mwenye sauti kubwa, na mwaka 1936 akaingia bungeni. Mwaka 1937 bunge lilipitisha msaada kwa akina mama wenye shida. Mwaka 1939 ikapigwa marufuku kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ndoa au ujauzito. Posho kwa kila mtoto, tajiri na maskini, ilianza mwaka 1948. Alva naye alianzisha chuo cha walimu wa watoto wadogo mjini Stockholm mwaka 1936.

Mtoto wao wa kwanza, Jan, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri na akafariki mwaka 2020, aliandika mwaka 1982 kumbukumbu chungu za utotoni mwake. Aliwaeleza wazazi waliowafundisha Waswidi malezi huku wao wenyewe wakiwa mbali na mtoto wao.

Kitabu hicho cha mwaka 1934 kilikuwa na upande mwingine. Sweden ilikuwa na taasisi ya serikali ya biolojia ya mbari tangu mwaka 1922, na imani kwamba dola inaweza kuchagua nani azae ilienea katika vyama karibu vyote. Akina Myrdal walizikataa nadharia za ubaguzi wa rangi. Lakini waliunga mkono kufungwa kizazi kwa watu walioonekana kuwa na akili pungufu au kushindwa kulea, hata kwa kulazimishwa. Sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka huohuo wa 1934 na ikapanuliwa mwaka 1941. Jambo hili nalo lilipitia mkondo uleule: takwimu, tume, ripoti, bunge. Katika meza ile kila mtu alikuwa na kiti isipokuwa wasichana waliowekwa katika nyumba za kulelea, ambao habari zao ndizo zilizokuwa zikijadiliwa.

Safari ya Marekani

Shirika la Carnegie la New York lilitaka uchunguzi mkubwa juu ya hali ya watu weusi wa Marekani. Kulikuwa na wasomi weusi waliolijua jambo hilo kwa miongo kadhaa, W.E.B. Du Bois akiwa wa kwanza wao, lakini shirika hilo liliamua kumtafuta mgeni kutoka nchi isiyo na makoloni, likiamini kwamba atakuwa na macho mapya. Uamuzi huo una dharau ndani yake, na matokeo mazuri yaliyofuata hayaifuti.

Myrdal aliwasili mwaka 1938. Aliajiri makumi ya watafiti, weusi na weupe, na mmoja wa waliokuwa karibu naye zaidi alikuwa Ralph Bunche wa Chuo Kikuu cha Howard. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Mwaka 1937 Bunche alikuwa London, ambako alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, kisha akaenda kufanya utafiti miongoni mwa Wakikuyu nchini Kenya. Baadaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 1950.

Mwaka 1939 wawili hao walizunguka majimbo ya kusini kwa gari. Mswidi huyo aliuliza maswali ambayo mzungu wa kusini hakutarajia kuulizwa, likiwemo suala la ndoa na mapenzi baina ya rangi mbili, na katika jimbo la Georgia ilibidi waondoke haraka baada ya hati ya kumkamata kutafutwa. Yeye aliiona hadithi hiyo kuwa ya kuchekesha. Kwa Bunche, ambaye angeweza kuuawa na umati, haikuwa na kichekesho.

Ujerumani ilipoivamia Norway mwezi Aprili mwaka 1940, Myrdal alirudi nyumbani akihofia kwamba Sweden ingefuata. Mwaka 1941 alirejea Marekani kumalizia kazi. Kitabu kilitoka mwaka 1944 kikiwa na kurasa zinazokaribia 1,500. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo si la weusi bali la weupe, ambao wanakiri usawa wa binadamu na papo hapo kuukanusha kwa matendo. Alieleza pia mzunguko unaojilisha wenyewe: ubaguzi huleta umaskini, umaskini hushusha elimu na afya, kisha hali hiyo duni hutumiwa kuhalalisha ubaguzi.

Du Bois alikisifu. Msomi mwingine mweusi, Oliver Cox, alikilaumu kwa kuweka dhamiri ya mzungu mahali pa uchumi wa unyonyaji, na lawama hiyo haijapata jibu la kutosha hadi leo. Wanasheria waliongozwa na Thurgood Marshall walitumia ushahidi wa sayansi ya jamii hadi kufikia hukumu ya mwaka 1954. Marshall huyohuyo alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House mwaka 1960.

Dola legevu

Nyumbani, bahati haikumfuata. Kama waziri wa biashara kuanzia mwaka 1945 alishambuliwa vikali kwa mkataba wa mkopo kwa Muungano wa Kisovieti na kwa kupungua kwa akiba ya fedha za kigeni. Mwaka 1947 alijiuzulu, akaongoza Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya mjini Geneva kwa miaka 10. Inaelekea alifaa zaidi kuishauri serikali kuliko kuwa ndani yake.

Kisha alielekeza macho Asia Kusini, wakati Alva akiwa balozi mjini Delhi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1968 katika majuzuu matatu, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Humo alizungumzia dola legevu: dola inayotunga sheria nzuri na mipango mikubwa, lakini haitekelezi, kwa kuwa wenye uwezo huzikwepa sheria na maofisa hupokea rushwa. Aliandika juu ya India na jirani zake, lakini msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakuhitaji mkalimani.

Mwaka 1962 alianzisha taasisi ya uchumi wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Friedrich Hayek, mtu aliyepinga karibu kila alichokiamini Myrdal. Alva alipata ile ya Amani mwaka 1982 kwa juhudi zake za kupunguza silaha. Mwaka 1981, katika nchi iliyokuwa mfadhili mkubwa wa Tanzania, Gunnar aliandika kwamba misaada ya maendeleo haiwafikii maskini na kwamba afadhali fedha zitumike kuwapunguzia dhiki moja kwa moja.

Alva alifariki dunia tarehe 1 Februari mwaka 1986. Gunnar alimfuata tarehe 17 Mei mwaka 1987, miaka 33 kamili baada ya hukumu ya Brown.

Mwaka 1997 gazeti la Dagens Nyheter la Stockholm lilichapisha makala kuhusu watu wapatao 63,000 waliofungwa kizazi chini ya sheria zilizodumu hadi mwaka 1975. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wa hao walilazimishwa au walishinikizwa kutia saini. Serikali iliunda tume. Safari hii waathirika walihojiwa, na mwaka 1999 bunge liliidhinisha fidia ya krona 175,000 kwa kila aliyethibitika kudhulumiwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.