Howard Hughes: Bwanyenye aliyejificha, helikopta zake zikafika Kenya

KIJIJI cha Njukini katika eneo la Taveta kiko mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Katika eneo hilo hilo la Taveta, kwenye kilima cha Salaita, magari ya deraya ya Waingereza yaliingia vitani dhidi ya Wajerumani mnamo Februari 12, 1916. Wakati huo hapakuwa na kombora la kulifuata gari la chuma na kulilipua. Miongo kadhaa baadaye, kampuni za Mmarekani Howard Hughes zilitia fora katika kazi hiyo, na silaha zake zikafika Kenya.

Hughes alizaliwa Texas mwaka wa 1905. Babake alijitajirisha kwa chombo cha kuchimbia visima vya mafuta. Mamake alifariki mwaka wa 1922 na babake mwaka wa 1924, naye akarithi utajiri huo akiwa na umri wa miaka 18. Alitengeneza filamu Hollywood, kisha akaanzisha kampuni ya ndege, Hughes Aircraft, mwaka wa 1932. Mnamo 1938 aliizunguka dunia kwa ndege kwa muda usiozidi siku nne.

Julai 1946 ndege aliyokuwa akiijaribu ilianguka Beverly Hills. Alinusurika, lakini maumivu yalimfanya mtumwa wa dawa. Pole pole alijitenga na watu, akawa mtu wa kujifungia katika vyumba vya hoteli.

Alipokuwa mafichoni, kampuni zake zilisonga mbele. Mei 1960, katika maabara ya Hughes huko California, mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Kampuni hiyo iliunda pia kombora la TOW, lililoanza kutumiwa jeshini mwaka wa 1970. TOW la wakati huo halikuongozwa kwa leza. Lilivuta nyaya nyembamba zilizopitisha maelekezo, na mpigaji alilazimika kukikodolea macho kifaru hadi kombora lifike. Mwaka wa 1972, nchini Vietnam, helikopta za Marekani ziliharibu vifaru kwa kombora hilo.

Septemba 30, 1975, tawi la helikopta la Hughes lilirusha kwa mara ya kwanza helikopta ya majaribio iliyozaa Apache. Hiyo ndiyo iliyokuja kubeba Hellfire, kombora la kampuni nyingine, ambalo hufuata mwanga wa leza uliomulikwa juu ya kifaru. Hughes hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Aprili 5, 1976, akiwa safarini kwa ndege kwenda hospitalini Houston, mwili wake umekonda kupita kiasi.

Mwaka huo huo Idi Amin alidai kuwa sehemu ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Mwaka wa 1977 Somalia iliivamia Ethiopia kwa vifaru. Isitoshe, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, hivi kwamba vijiji kama Njukini vilitengwa rasmi na majirani wao wa ng'ambo. Katika hali hiyo ya wasiwasi, Kenya iliagiza helikopta za Hughes 500 Defender zenye uwezo wa kubeba TOW, zikakabidhiwa kikosi cha jeshi la nchi kavu huko Embakasi.

Jambo moja katika maisha ya Hughes bado huwatatiza wengi. Mwaka wa 1953 alianzisha taasisi ya utafiti wa tiba na kuipa umiliki wa Hughes Aircraft. Wakosoaji waliona hiyo ni hila ya kukwepa kodi. Hata hivyo, kampuni hiyo ilipouzwa mwaka wa 1985, mabilioni ya dola yaliiendea taasisi hiyo, nayo mwaka wa 2009 ikashirikiana na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kuanzisha kituo cha utafiti wa kifua kikuu na Ukimwi mjini Durban. Fedha zilizotokana na makombora ndizo zinazotafuta tiba.