Kipofu Tom na Masikio Yake

Thomas Wiggins alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1849, kipofu tena mtumwa. Alisema machache, lakini wimbo aliousikia mara moja aliupiga kwa piano. Hata sauti za mvua na ndege aliziiga. Mwaka 1860 alipiga mbele ya Rais Buchanan. Utumwa ulikoma mwaka 1865, lakini fedha zake ziliendelea kuliwa na mabwana wale wale. Alifariki mwaka 1908.

Leo wengi hudhani alikuwa na usonji, hali ambayo huwafanya wengine wasikie sauti kwa ukali kutupita sisi. Kwetu Koboko, na hapa Arua, nimeona watoto wakiziba masikio ngoma ikilia, watu wakiwacheka. Naomba tusiwacheke. Tupunguze ngoma kidogo, tuwaulize wanasikia nini.