Ferdinand von Hebra na chanzo cha upele
Hebra alizaliwa Brno mwaka 1816, akawa daktari wa ngozi Vienna, Austria. Wakati huo madaktari wengi waliamini kuwa upele unaowasha hutoka ndani, kwenye damu iliyoharibika. Hebra alijiambukiza utitiri wa upele yeye mwenyewe, na mwaka 1844 akaandika kuwa mdudu huyo ndiye chanzo, hivyo atibiwe kwa dawa ya kupaka. Alifariki mwaka 1880.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akijikuna sana usiku, usimnyweshe dawa ya kusafisha damu. Mpeleke kituo cha afya. Wote mnaoishi naye mpake dawa siku moja, hata asiyewashwa. Fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto, muanike juani.