Abul-Qasim az-Zahrawi, Mganga wa Majeraha

Tukimtaja Ibn Sina, hata kijana wa chuoni hulitambua jina lake. Lakini tukimtaja Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, ambaye kunia yake ni Abul-Qasim, wengi wetu hunyamaza. Na hali matabibu wa Ulaya walimtegemea kwa mamia ya miaka.

Alinasibishwa na Madinat az-Zahra, mji ambao Khalifa Abdurrahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936 karibu na Kurtuba, katika nchi ya Andalusi. Habari za maisha yake ni chache mno, kwani mji huo uliharibiwa katika fitina za mwanzo wa karne ya 11, naye akafariki karibu na mwaka 1013. Tumjuavyo zaidi ni kwa kitabu chake, At-Tasrif, chenye makala 30. Makala ya mwisho ni ya upasuaji: kwanza kuchoma kwa chuma cha moto, kisha kupasua na kushona majeraha, kisha kuunga mifupa. Humo alichora sura za vyombo vya kazi yake, kiasi cha 200.

Katika utangulizi wake alilalamika kuwa kazi ya upasuaji ilikuwa karibu kupotea katika nchi yake, kwa sababu watu walishika kisu pasi na kujua jinsi mwili ulivyoumbwa. Hakuishia kulalamika, bali alitoa mifano aliyoishuhudia. Mmojawapo ni wa mvulana mtumwa wa jemadari fulani, aliyevunjika mguu karibu na kisigino, na juu ya mvunjiko pakawa na jeraha. Tabibu wa jemadari akafunga mabanzi kwa nguvu juu ya jeraha lenyewe, asiliachie nafasi ya kutoa uchafu, akamwacha hivyo siku kadha wa kadha. Mguu ukafura. Az-Zahrawi alipoitwa alizifungua kamba upesi, na mgonjwa akapata nafuu ya maumivu. Lakini nyama ilikwisha kuanza kuoza, na kuoza kule kukaenea mpaka akafa.

Nani kati yetu hajasikia kisa kama hicho mtaani kwake?

Basi alifundisha kuwa kiungo kilichofura kisikazwe mpaka uvimbe upungue, na penye jeraha juu ya mvunjiko paachwe tundu katika kitambaa na mabanzi, ili jeraha litazamwe na kutiwa dawa bila kuusumbua mfupa. Kwa kugandisha alitumia vumbi la unga wa kinuni lililochanganywa na ute wa yai. Kiungo kilichoteguka alitaka kirudishwe mara moja, kabla ya kufura. Na aliyevunjika uti wa mgongo alimtazama kwanza mikono na miguu: ikiwa imelegea na haihisi, alijua kuwa jambo ni zito kupita uwezo wa mkono wake. Aliwaonya wanafunzi wasishike ugonjwa usiotibika kwa tamaa ya fedha. Kwetu sisi, onyo hili lina uzito sawa na vyombo vyote 200.

Palipokuwa na tumaini hakurudi nyuma. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu, na pumzi ikawa inatoka jerahani. Az-Zahrawi akaangalia, akaona mishipa mikubwa ya damu haikukatwa, akalishona jeraha. Kijakazi akapoa, asibakiwe na dhara ila sauti iliyokwaruza. Mtu mwingine alipigwa mshale penye shina la pua, kando ya jicho. Akautoa kwa chini ya ndewe la sikio, na jicho likasalimika. Kwa kushona matumbo alitaja uzi mwembamba uliotolewa katika utumbo wa mnyama, na uzi wa namna hiyo ulikuja kutumika sana hospitalini baada ya karne nyingi.

Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri makala hiyo kwa Kilatini mjini Toledo. Guy de Chauliac, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, alimtaja mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1363. Mwaka 1465 Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya aliandika kwa Kituruki kitabu cha upasuaji juu ya msingi wake, akaongeza picha za tabibu na mgonjwa. Tarjuma ya Kilatini ilipigwa chapa Venice mwaka 1497. Ama Kiarabu chake mwenyewe, kilipigwa chapa Oxford, Uingereza, mwaka 1778.